Nani Analipa Mag ya Makaa?

"Nani mwingine kwa hiyo nyumba anaumwa na kichwa?"

Nesi aliuliza bila kuniangalia. Macho yake yalikuwa kwa mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na viatu mkononi kwa sababu ya matope, nikajikuta nimeinua mkono kama mtoto wa darasa la tatu. Mimi. Siku ya tatu sasa. Nilidhani ni mvua.

Ilikuwa Novemba 2023, mvua za El Niño zilipofurisha Garissa na majirani zake. Dada yangu alikuwa kwenye kitanda cha zahanati, siku kumi na moja baada ya kujifungua kwa upasuaji. Alikuwa ameanguka akielekea msalani. Kidoleni alikuwa amebanwa kile kidude cha kupima oksijeni ya damu, na skrini ilisema 98. Tabibu kijana aliyetupokea alikuwa ameshaiona hiyo namba na kututoa wasiwasi: bado hajarudisha damu aliyopoteza, ale maini, anywe maji, apumzike. Ni yule nesi aliyesimama kidogo, akamtazama dada, akamtazama mtoto aliyekuwa amelala kupita kiasi, akauliza lile swali la kichwa, halafu akauliza la pili.

"Mnawasha makaa ndani?"

Tulikuwa tunawasha. Mimi ndiye niliyekuwa nawasha.

Dada yangu yuko hai, na mwanawe sasa anakimbia kila mahali. Nasema mapema ili usisome ukingoja kifo. Lakini kuna swali limekaa na mimi tangu siku ile na halitaki kuondoka: kama angekufa, ningekuwa nimemuua? Na kwa vile hakufa, nimesamehewa?

*

Turudi nyuma siku kumi na moja.

Dada alipelekwa chumba cha upasuaji alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi daktari alitoka akatuambia mtoto ni mzima, lakini mama amepoteza damu nyingi na zinahitajika painti nne. Kwenye friji ya hospitali damu ya kundi lake haikuwepo. Jamaa wanaweza kutoa?

Chini ya mwarobaini pale nje kulikuwa na wanaume kumi na mmoja wa kwetu. Nawapenda hawa watu. Ni watu ambao ukikwama Wajir usiku bila senti, simu moja inatosha. Lakini siku hiyo kila mmoja aligundua ugonjwa wake. Huyu ana presha. Yule alikuwa na malaria juzi. Mwingine akasema mtu akitoa damu hairudi yote. Mwingine alikwenda kununua maji, akapotelea huko. Jioni tulikuwa na painti mbili: moja ya shemeji yangu, nyingine ya mwalimu mmoja kutoka Kitui aliyekuja kumwona mgonjwa wake mwenyewe, akasikia tukibishana.

Na mimi? Nilikuwa na miaka 23 na kilo 52. Nchini Kenya mtu anaruhusiwa kutoa damu kuanzia miaka 16, akiwa na kilo 50 na kuendelea. Nilijiambia kwamba nimesafiri usiku kucha kutoka Eastleigh, sijala vizuri, na hata hivyo hapa wapo wanaume. Hakuna aliyeniuliza. Nilikaa kimya, na kimya changu kikapita kama adabu.

Dada aliruhusiwa kwenda nyumbani siku ya tano, na vidonge vya kuongeza damu kwenye bahasha ya karatasi.

*

Kwetu, mama aliyejifungua anakaa ndani siku arobaini. Na chumba chake kinafukizwa. Ayeeyo, bibi yetu, analishughulikia jambo hili kwa umakini wa rubani: asubuhi na jioni, makaa mekundu ndani ya dabqaad, kile chetezo cha udongo, halafu uunsi juu yake mpaka moshi wenye harufu nzuri ujae nguo, nywele na shuka. Mtoto analindwa, mama ananukia, nyumba inajua kwamba kuna mgeni.

Kwa kawaida Garissa ni joto la kufungua kila dirisha. Lakini mvua ilikuwa inapiga, mbu walikuwa wengi kama vumbi la kiangazi, na upepo ulikuwa unaingiza maji ndani. Nikafunga madirisha. Nikaziba na ule mwanya wa chini ya mlango kwa leso kuukuu. Jikoni, ambako ni kibanda cha nje, kulikuwa kumeloa, kwa hiyo jiko la makaa nalo likaingia chumbani: uji wa dada, chai ya wageni, maji ya kumwogesha mtoto. Makaa yakishawaka vizuri hayatoi moshi. Ndiyo maana tuliyaamini.

Dada akaanza kulalamika kichwa. Tukasema ni damu. Akasema miguu haina nguvu. Damu. Akatapika uji. Tukasema uji ulikuwa na sukari nyingi. Mtoto hakulia usiku kucha, na sisi tukamsifu. "Mashallah, mtoto mtulivu." Nikiikumbuka hiyo sentensi hadi leo tumbo linanikaza.

Na mimi kichwa kilikuwa kinanigonga pia. Nikitoka nje kwenda dukani kinapungua. Nikirudi kinaanza tena. Nililiona hilo, sijui nikuambie nini. Niliona kabisa, siku tatu mfululizo, na sikujiuliza.

*

Baadaye yule nesi alinieleza. Mimi nimelitafsiri kwa lugha ya safari ya Nairobi–Garissa, kwa sababu ndiyo ninayoijua.

Fikiria damu yako ni kampuni ya mabasi. Abiria ni oksijeni. Mabasi yenyewe ni hemoglobini, ile kitu nyekundu ndani ya chembe za damu, na kila basi lina viti vinne. Basi linapakia mapafuni na kushusha kwenye ubongo, moyo, misuli, kila mahali.

Mtu akivuja damu nyingi, anapoteza mabasi. Mtu mzima ana lita tano hivi za damu. Mjamzito huwa na zaidi, kana kwamba mwili unajiwekea akiba ya siku yenyewe. Painti moja ni karibu mililita 450. Hesabu mwenyewe unapoambiwa mtu anahitaji nne.

Kaboni monoksidi haichomi basi. Inapanda. Ni hewa isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye moto usiopata hewa ya kutosha, na hemoglobini inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Ni abiria anayekaa kitini na kukataa kushuka. Ubaya zaidi, akishaketi, hata abiria wa oksijeni walio kwenye viti vingine hushuka kwa shida. Mabasi yanaonekana barabarani, yamejaa, yanakwenda na kurudi, na kule mwisho wa safari watu wanangoja bure.

Sasa muweke mtu mmoja katika hali zote mbili. Kwanza punguza mabasi yake. Kisha hayo machache yaliyobaki yajaze abiria wasioshuka. Huyo ndiye alikuwa dada yangu.

Na ile 98? Ukishawahi kusafiri njia hii unajua kizuizi cha daraja la Tana, ambapo kila mtu anatoa kitambulisho. Kile kidude cha kidoleni ni kama askari mvivu wa pale. Anamulika tochi ndani ya basi na kuandika: viti vimejaa. Hahesabu mabasi mangapi yamepita leo, kwa hiyo aliyepoteza nusu ya mabasi yake bado anaandikiwa kwamba viti vimejaa. Wala hasomi vitambulisho: kinapima rangi ya damu kwa mwanga, na damu iliyoshikwa na kaboni monoksidi inang'aa wekundu karibu sawa na ile yenye oksijeni, kwa hiyo abiria mwizi anahesabiwa kama abiria halali. Makosa mawili tofauti, na yote mawili yanatoa namba nzuri.

Kwa hiyo tabibu kijana hakudanganya. Alisoma kilichoandikwa. Nesi aliuliza kile ambacho skrini haiwezi kuuliza: nyumbani kwenu kuna nani mwingine mgonjwa? Malaria haimpati kila mtu wa chumba kimoja siku moja. Kupungukiwa damu hakuambukizi mdogo wa mtu. Watu watatu, chumba kimoja, kichwa kimoja. Alimvisha dada barakoa ya oksijeni, akamshughulikia mtoto, na mimi akanitoa nje kwenye baraza nikapumue.

*

Wiki hiyohiyo ukoo wetu ulikuwa unachanga mag.

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu: mag, ambayo kwa Kiarabu ni diya, ni malipo ya damu. Mtu wa ukoo wako akimuua mtu wa ukoo mwingine, hata kwa bahati mbaya, mnalipa. Kwa desturi ya Kisomali ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Mwaka 2001 Azimio la Modogashe, mapatano ya wazee wa kaunti hizi za kaskazini, wakati huo zikiitwa wilaya, liliandika hesabu hiyohiyo. (Ndiyo, nusu. Niliwahi kubishana na adeer, baba yangu mdogo, kuhusu hiyo nusu, na tutabishana tena. Leo nina swali lingine.)

Binamu yetu alikuwa amemgonga mzee mmoja kwa Probox wakati wa mvua. Hakukusudia. Hakuwa amelewa, hakukimbia, alimbeba mwenyewe kumpeleka hospitali. Mzee akafa. Wazee wa pande mbili wakakaa, na kundi letu la WhatsApp likalia usiku kucha kwa jumbe za M-Pesa. Jamaa walioko Minneapolis walituma. Jamaa walioko Mombasa walituma. Malipo ya kwanza yalikamilika ndani ya siku nane.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye baraza la zahanati, kichwa kinaanza kufunguka, nikisoma majina kwenye simu. Walikuwa wale wale wanaume wa mwarobaini. Mwenye presha alikuwa ametuma elfu tano.

Adeer alipokuja kumwona dada, nikamuuliza.

"Adeer, kama abaayo angekufa, nani angelipa mag?"

Akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto akitukana. "Alimuua nani?"

"Makaa. Yaliyowashwa na mimi."

"Wewe ni wa kwake. Ukoo haujilipi wenyewe."

Kisha akanyamaza kidogo. Adeer si mtu wa kukimbia swali. Akasema kuna jambo vijana huwa wanalisahau. Katika sheria ya Kiislamu, anayeua bila kukusudia ana madeni mawili. La kwanza ni diya, na hilo jamaa wanaweza kumsaidia kulibeba. La pili ni kafara, ambalo sura ya An-Nisaa imelitaja: kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. "Hilo la pili," akasema, "ukoo hauwezi kukufungia."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko kitu chochote nilichosomeshwa chuoni. Mfumo mzima umejengwa juu ya wazo kwamba kutokukusudia kunapunguza lawama, lakini hakufuti deni. Hulipizwi kisasi, hufungwi jela ya moyo ya muuaji. Lakini kuna kitu kimeondoka duniani kwa mkono wako, na mkono huo hauwezi kusema haukuwepo.

*

Wanafalsafa wa mbali nao wamelizungukia jambo hili. Mwaka 1877 Mwingereza mmoja, W. K. Clifford, aliandika kuhusu mwenye meli aliyekuwa na shaka na meli yake iliyochakaa. Akaituliza ile shaka. Akajiambia meli imeshasafiri salama mara nyingi, itarudi tena. Mpaka abiria wanapanda, alikuwa ameshaamini kwa moyo mweupe kabisa. Meli ikazama. Clifford anasema ana hatia, hata kama aliamini kwa dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo: imani yake aliinunua kwa kutochunguza. Kisha anaongeza kitu kinachoniuma: hata kama meli ingefika salama, hatia ingebaki ileile.

Karne moja baadaye, mwaka 1976, Bernard Williams alitoa mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lake. Sote tungemfariji, lakini tungemshangaa akifarijika upesi mno. Kuna majuto yanayomhusu yeye aliyeshika usukani, ambayo mtu aliyesimama kando ya barabara hana. Binamu yangu hajamsoma Williams. Anayajua hayo majuto lakini. Hadi leo hapiti ile barabara.

Mimi najikuta katikati ya hawa wawili. Meli yangu ilifika. Naweza kuushika mkono wa dada na kusema alhamdulillah, yameisha. Clifford ananikatalia. Tofauti kati yangu na mtu aliyeamka asubuhi na maiti mbili chumbani si wema wangu. Ni kwamba dada alitaka kwenda msalani.

Lakini ngoja, si ni ukali huo? Mtu atalaumiwaje kwa hewa isiyoonekana? Hapa nadhani lazima tutenganishe "sikujua" za aina mbili.

Ayeeyo hakujua. Na ukitaka kumlaumu, kwanza kaa ndani ya aqal, ile nyumba ya wafugaji ya fito na mikeka aliyozaliwa na kuzalia watoto wake wa kwanza. Upepo unapita kwenye mikeka kama maji kwenye chujio. Chetezo ndani ya aqal ni harufu tu. Kisha familia ikahamia mjini, kwenye chumba cha tofali za saruji, bati juu, dirisha la kioo. Desturi ilihama nasi, na hakuna aliyeiambia kwamba nyumba imebadilika.

Mimi nilijua. Kila Juni na Julai, baridi ya Nairobi ikifika, habari ni ileile: mtu na wanawe wamepatikana asubuhi, jiko katikati ya chumba. Nimesoma hizo habari nikiwa Eastleigh. Nimewahi hata kuzituma kwa rafiki. Lakini nilikuwa nimezihifadhi kwenye sanduku lililoandikwa "Nairobi, baridi, watu wengine". Garissa ni joto, nyumbani ni nyumbani, na uunsi ni dini ya bibi. Ujuzi ulikuwepo kichwani, kichwa chenyewe kilikuwa kinauma, na mimi nikasimamisha ukuta kati ya hivyo viwili kwa sababu kuuliza kungekuwa kumkosea adabu mzee.

Kwa hiyo "sikujua" yangu ilikuwa "sikuuliza". Na nadhani hapo ndipo hatia inapoanza.

*

Kuna jambo jingine kuhusu macho yetu na damu.

Sisi Wakenya tukiiona damu, tunaitoa. Agosti 1998 baada ya bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi. Septemba 2013 baada ya Westgate, foleni hadi barabarani. Aprili 2015, watu 148 walipouawa hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Garissa, watu wasiowahi kuvuka Thika walijitokeza kutoa. Hata huduma ya taifa ya damu yenyewe ilizaliwa kutokana na somo la bomu la 1998. Hatuna upungufu wa huruma. Tuna huruma inayongoja picha.

Mama anayevuja baada ya kujifungua hana picha. Hesabu zilizotokana na sensa ya 2009 ziliiweka Mandera kwenye vifo 3,795 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hakuna foleni iliyowahi kupangwa kwa ajili ya namba hiyo.

Na hata damu iliyo mbele ya macho hatuioni vizuri. Wakunga wenye uzoefu wakikadiria kwa jicho tu, mara nyingi wanakadiria chini ya kiasi halisi, kwa sababu damu hufyonzwa na shuka na kuchanganyika na maji. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Walichofanya kinaweza kusimuliwa kwa sentensi mbili. Waliweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye mistari ya kipimo, na mstari ukifikiwa, matibabu yote yanatolewa kwa pamoja bila kungoja. Kutokwa damu kwa hatari, na madhara yanayofuata, kulipungua kwa asilimia 60.

Plastiki yenye mistari. Kilichobadilika hasa ni kwamba mtu aliacha kuliamini jicho lake.

Ule mfuko na swali la nesi, kwangu mimi, ni tendo moja. Vyote viwili vinasema: kile ninachokiona kinaonekana sawa, na kwa sababu hiyohiyo nitapima, nitauliza. Nimeanza kuamini kwamba hii ni sehemu ya maadili tunayoisahau. Tunafundishwa kuwa wema, wakarimu, wenye nia safi. Nyumba yetu ilikuwa na hayo yote. Nia ya ayeeyo ilikuwa safi kuliko maji. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, jamani, mbona sote tunaumwa kichwa?

*

Nilimwambia adeer wazo langu kabla sijarudi Nairobi. Nilimwambia mag imepangwa vizuri sana isipokuwa kwa wakati. Tunaweza kukusanya ngamia mia kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa, ndani ya siku nane, kutoka mabara matatu. Damu ya mtu aliye hai, aliyelala hatua arobaini kutoka mwarobaini, ilitushinda. Painti nne ni nyepesi kuliko mtoto mchanga wa wiki mbili. Kama ukoo ni watu wanaobebeana damu, kwa nini tusianze kubeba kabla haijamwagika?

Alicheka kwanza. Kisha akaniuliza damu inakaa muda gani kwenye friji. Wiki tano, nikasema. Akahesabu kwa vidole. "Hiyo ni fupi kuliko mkopo wa duka." Lakini kwenye kundi la WhatsApp, kati ya orodha za michango, sasa kuna orodha ya majina na makundi ya damu. Majina kumi na manne nilipoangalia mara ya mwisho. Mwenye presha hayumo. Ilikuja kujulikana kwamba ana presha kweli, na mimi nilikuwa nimemhukumu bure. Hiyo nayo ni "sikuuliza".

Na ayeeyo? Sikumwambia kwamba alikosea. Nilimweleza habari ya aqal na nyumba ya tofali, na akaielewa haraka kuliko mimi. Sasa dabqaad inakaa barazani. Nguo za mtoto hutundikwa juu ya chetezo nje, zikishanukia zinaingizwa ndani. Analalamika kwamba harufu haikai. Lakini anafungua dirisha mwenyewe, na wageni wakija anawasimulia habari ya hewa isiyo na harufu kana kwamba yeye ndiye aliyeigundua.

Mimi nilikwenda kutoa damu Nairobi, Januari. Siyo kafara, hakuna aliyekufa, na damu haifungi kwa niaba ya mtu. Mhudumu alinichoma kidole, akadondosha tone langu kwenye chupa yenye maji ya buluu. Aliniambia tone likielea, damu yako ni nyepesi, huwezi kutoa. Likizama, una ya kutosha.

Tuliinama wote wawili kuangalia. Lilisita juu kidogo, halafu likazama.